Kisanduku cha Tarehe

Haki ya raia yaweza kukwama katika kisanduku kimoja cha fomu. Hivi karibuni nilimsaidia shangazi yangu kuomba huduma ya umma kwa njia ya intaneti. Alizaliwa mwaka 1951. Siku na mwezi havijui, kwani watoto wengi wa vijijini zama zile hawakuandikishwa. Fomu ilikataa mwaka peke yake. Tena ilifungua kalenda ya mwezi huu na kututaka turudi nyuma mwezi mmoja mmoja: kubofya zaidi ya mara 800! Kabla hatujafika, muda ukaisha, yote yakafutika. Kijana wa steshenari, kwa ujira wake, akabuni tarehe 1 Januari. Ole wake shangazi, siku hati nyingine itakapoonyesha tarehe tofauti.

Wenzetu wa Uingereza, katika mwongozo wa tovuti ya serikali yao iliyofunguliwa mwaka 2012, huelekeza visanduku vitatu vya kuandika kwa mkono wako: siku, mwezi, mwaka. Hakuna kalenda ya kubofya. Ni jambo jepesi, wala halihitaji mashine mpya. Kwa ajili ya wazee wetu, mimi ningeomba kiongezwe kisanduku cha nne, kisemacho: “Sina hakika.”