Ngitili

Katika Kisukuma limo neno ngitili. Maana yake ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue bila ya kuguswa na mnyama, kisha hufunguliwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, nyasi za mahali pengine zinapokwisha, kwa ajili ya ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Kiswahili hakina neno moja lililo sawa nalo. "Hifadhi" ni pana mno, tena siku hizi husikika pamoja na bunduki ya askari wa wanyama. "Malisho" ni finyu, maana ngitili ni kufunga kwanza na kulisha baadaye. Mimi ni mwalimu wa lugha, si Bwana Miti. Na neno hili ndilo lililoniingiza katika mambo ya miti, ambayo sikuyasomea.

Msomaji aliyepita Shinyanga katika miaka ya 1980 atakumbuka nchi iliyo wazi kama kiganja. Haikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya uhuru serikali ya Kiingereza ilipigana vita na mbung'o, inzi aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, na silaha yake kubwa ilikuwa kufyeka misitu. Watu waliitwa kwa maelfu wakakata na kuchoma. Mbung'o alirudi nyuma, mifugo ikaongezeka, na palipokuwa pori pakalimwa pamba. Kuni na mkaa vilimaliza vilivyobaki. Kisha katika miaka ya 1974 na 1975 ulikuja uhamisho wa kuwakusanya watu vijijini. Familia nyingi ziliacha mahame yao, na pamoja nayo ziliacha ngitili zilizokuwa karibu na nyumba, zikawa hazina mtu wa kuzitazama. Mwalimu Nyerere alipoiona hali ya mkoa huo aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ilianzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana na wote kwa kifupi cha HASHI, kwa fedha za serikali yetu na msaada wa Norwei, na baadaye kwa elimu ya wataalamu wa kilimo cha miti waliotoka Nairobi.

Ingaliweza kuwa habari ya vitalu na miche, na hapo mwanzo ilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa. Jambo ninalolisifu ni kwamba mabwana wa HASHI waliwasikiliza wazee. Wazee walisema kuwa mti wa Usukuma haukufa. Umekatwa tu, na mizizi yake ingali hai chini ya ardhi. Kisiki cha mgunga kikiachwa na jembe, moto na meno ya mbuzi hutoa machipukizi yenyewe. Basi lililotakiwa si mche peke yake, bali mtu wa kukiacha kisiki kwa miaka mitano au kumi, na mtu huyo hapatikani kwa amri. Hupatikana pale anapojua kuwa kitakachoota ni chake.

Hapo ngitili ilifaa kuliko neno lolote lililoletwa na gari la serikali. Ilikuwa ya namna mbili tangu zamani: ya kaya moja, na ya kijiji au kundi la watu. Katika uchunguzi wa vijiji 172 uliofanywa mwaka 2003 zilihesabiwa ngitili 18,607. Katika hizo 284 tu zilikuwa za jumuiya, nazo aghalabu ni kubwa. Zilizosalia zilikuwa za watu binafsi, ndogo ndogo, nyingine hazifiki hekta tatu. Mwaka 1986 zilijulikana hekta 600 hivi za ngitili katika mkoa mzima. HASHI ilipofungwa mwaka 2004 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao mwaka 2012 ulitoa sehemu zake kwa mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Faida yake nayo ilipimwa. Ilikadiriwa kuwa kuni, nyasi, dawa, asali, matunda na miti ya kujengea iliyotoka katika ngitili ilikuwa na thamani ya dola 14 za Kimarekani kwa kila mtu kwa mwezi, hali matumizi ya wastani ya mtu wa shamba katika Tanzania yalikuwa dola 8.50.

Niliwahi kutembezwa katika ngitili ya mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wangu. Nilimsalimu "Mwangaluka, baba" kwa Kisukuma changu kibovu, akacheka, akanijibu kwa Kiswahili ili nisiendelee. Nyasi zilitufika kiunoni. Nilitafuta uzio sikuuona, wala senyenge wala miiba. Nikamwuliza mpaka uko wapi.

"Mwalimu, umekwisha kuupita," akasema. "Ule mti, na kile kichuguu, na njia ya mama Shija. Kila mtu anaujua."

"Na asiyejua?"

"Ng'ombe wake watamjulisha. Watakamatwa, na yeye ataitwa kwenye dagashida."

Dagashida ni baraza la wazee na watu wa kijiji, lenye sheria zake za kale na faini zake. Na sungusungu, walinzi wa jadi, ndio mkono wake. Sheria ndogo za vijiji ziliandikwa juu ya desturi hizo, wala hazikuandikwa mahali pake. Mzee alinieleza hayo kama mtu anayeeleza saa ya kukamua maziwa. Nilimwuliza je, serikali ni mbia wake? Alifikiri kidogo akasema kuwa serikali ilikuja, ikaona, ikasaidia kuandika.

Nisieleweke kuwa ninachora pepo. Mwenye ardhi kubwa alifunga ngitili kubwa, na asiye na ardhi hakufunga kitu. Mwanamke aliyezoea kuokota kuni mahali popote aliona mahali popote pakipata wenyewe, akazunguka njia ndefu zaidi au akaomba ruhusa. Idadi ya watu imeongezeka, na kijana anayemrithi baba hekta mbili za miti na nyasi anaweza kuona humo shamba la mahindi. Tena mwenye ardhi wa kwetu si kama mwenye ardhi wa Ulaya. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwanakijiji ana haki ya kimila ya kuitumia, iliyotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na wengi hawajapata hati yake. Kwa hiyo anaposemwa "mmiliki" katika karatasi, neno linampa zaidi ya alichonacho, au linamnyima asichojua kuwa anacho.

Karatasi ndilo jambo lililonifanya niandike insha hii. Nililetewa na watu wa mradi mmoja, ambao sitautaja, mkataba wa kurudisha miti katika mashamba ya watu na katika msitu wa kikundi cha kijiji, ili hewa ya ukaa itakayohifadhiwa iuzwe ng'ambo. Nia yao sina sababu ya kuitilia shaka. Niliombwa kusahihisha fasiri ya Kiswahili. Neno ushirikiano lilikuwamo karibu katika kila kifungu, mpaka likaanza kunukia kama marashi yaliyozidi. Nikayaacha majina nikafuata vitenzi. Mkulima atalazimika, hataruhusiwa, atawajibika. Mradi unaweza, utakapoona inafaa, una hiari. Mkulima hatakata mti kwa miaka 30. Mradi unaweza kubadili masharti kwa taarifa ya siku 60. Juu ya swali la mti ni wa nani ukiisha kukua, hapakuwa na kitenzi chochote. Sarufi ni shahidi asiyehongeka. Nimewafundisha vijana jambo hilo kwa miaka mingi kwa mifano ya ushairi, na sikutazamia kulikuta katika biashara ya kaboni.

Niliandika pembeni maswali matatu: mti ni wa nani, nani atahesabu fedha na kwa macho ya nani, na mkulima akifa katika mwaka wa kumi na moja, mtoto wake amefungwa na saini ya baba au sivyo? Nikajibiwa kwa adabu kuwa niliombwa kusahihisha lugha. Nikajibu, kwa adabu ile ile, kuwa hiyo ndiyo lugha, na kwamba Kiswahili sanifu cha maneno yasiyo sawa ni udhalimu ulionyoshwa pasi. Sikupokea ujira wa kurasa zilizobaki, na sikuzirudisha bila ya maandishi yangu ya pembeni.

Watu wengine wangalisema mkulima na afunguliwe mlango wa fedha kwanza, maswali yatafuata. Sikubaliani nao. Ngitili ilirudi kwa sababu maswali yalikuwa yamejibiwa kabla, kwa lugha ya wenyewe, mbele ya majirani. Kila mtu aliijua njia ya mama Shija. Kijiji kilichofunga malisho yake kwa karne hakihitaji kufundishwa kungoja. Kinahitaji kuandikiwa, kwa vitenzi vilivyo sawa pande zote mbili, kile kitakachokuwa chake baada ya kungoja.

Mkataba ule ulifika kijijini ukiwa na maandishi yangu, kwa mkono wa nani sijaambiwa. Kikundi cha msitu kiliusoma kwa sauti katika mkutano wa siku mbili. Kifungu cha siku 60 kimeondolewa, na mahali pake imewekwa idhini ya mkutano wa kijiji. Hesabu ya fedha itabandikwa kila mwaka katika ofisi ya kijiji. Kifungu cha urithi kingali kinajadiliwa, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyetia saini.