Kongo ya ubaoni

Katika Risk, mchezo wa Albert Lamorisse uliotoka Ufaransa mwaka 1957, dunia ina maeneo 42, na mojawapo ni Kongo. Kila tulipocheza, niliikamata mapema na kuirundikia askari. Niliona aibu kuiacha mikononi mwa mwingine, hata ubaoni. Na kila mara nilishindwa.

Kaka yangu mkubwa alinionyesha kosa. Kongo inapakana na Afrika Kaskazini, Mashariki na Kusini tu. Anayetoka nje ya bara haifikii moja kwa moja. Anapitia Afrika Kaskazini, Misri au Afrika Mashariki. "Mdogo wangu," alisema, "unalinda chumba cha kulala, na milango yote iko wazi."

Sasa naanzia Oseania: maeneo 4, mlango mmoja, askari 2 wa ziada kila zamu. Afrika naitaka baadaye, nikiwa na watu wa kutosha milango mitatu. Hapo inanipa 3. Kongo naibakizia askari mmoja. Mkono bado unasita. Nimezaliwa Goma, mpakani, na kuiacha Kongo na mtu mmoja si jambo jepesi, hata kwa mchezo.