Nilichemsha, Nikawanywesha

Meno ya mbele ya mwanangu wa pili yana madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi, na aliyeyasababisha ni mimi mama yake. Sikumzidishia peremende. Nilimnywesha maji, tena maji niliyoyachemsha mwenyewe, nikayapoza mtungini, nikamjazia kwenye kichupa cha stili chenye picha ya twiga, huku nikijiona mama wa kupigiwa mfano. Lau ningeishia kwa mwanangu peke yake, haya yangebaki ya nyumbani. Ila niliwashawishi na wengine, na hao ndio wanaonifanya niandike.

Naishi Meru, kati ya Usa River na Maji ya Chai, nilikoolewa. Kwetu ni Tanga. Tulihamia huku mwanangu wa kwanza akiwa darasa la nne na wa pili hajazaliwa. Tulikuta kila mwenye uwezo kidogo ananunua maji ya kunywa: maji makubwa, maji madogo, na yale madumu ya lita 18.9 yanayopinduliwa juu ya dispensa. Nasi tukanunua, bila kujiuliza kwa nini watu wenye bomba uani wanatoa hela kwa ajili ya maji.

Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini, nami nikapandwa na mori. Mfuko umeondoka, chupa je? Mfereji wa nyuma ya nyumba yetu ulikuwa umeziba kwa chupa tupu za maji, na mvua ikinyesha maji yanahamia barabarani. Zilizookotwa zilichomwa shimoni, na moshi wake ulikuwa unaingia hadi jikoni. Nikatangaza kwangu kwamba hainunuliwi tena chupa ya maji. Nikanunua mtungi, nikanunua chupa za stili za kila mmoja wetu, nikaanza kuchemsha maji ya bomba kila jioni kwa jiko la mkaa. (Kwamba mkaa nao ni mti uliokatwa mahali fulani, hilo sikulitia kwenye hesabu za mazingira. Mwenye mori hapigi hesabu zote.)

Mwanangu wa pili wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Hilo nitalirudia, maana ndiko lilikolala kosa lenyewe.

Walikuwapo watu wa kunizuia. Mama mkwe wangu amezaliwa na kuzeekea hapa. Maji ya bomba aliyatumia kufulia na kunyweshea ng'ombe, na ya kunywa wajukuu akimtuma kijana wa bodaboda kuyafuata kwenye chemchemi moja ya juu, mbali kidogo. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba huko ni kujitesa, bomba liko hapa, chemsha tu. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, maji haya hayana mdudu, yana mwamba." Nikacheka, wageni nao wakacheka. Nilichukulia kwamba ni maneno ya wazee.

Halafu kuna mume wangu. Meno yake ni ya kahawia, kama ya wenzake wengi waliokulia hapa. Kuna utani wa siku nyingi kwamba mtu wa Arusha hutambulika akicheka. Utani huo niliujua kabla hata sijaolewa, lakini nilijipa jibu kwamba hayo ni mambo ya zamani, enzi za kunywa maji ya mto, na siku hizi kuna bomba. Yeye hakubishana nami. Nikianza kuhutubia habari za mazingira nyumbani kwetu hakuna anayepata zamu ya kusema.

Nilikuwa pia na ushahidi wangu, na nilikuwa nauonyesha kwa watu. Mwanangu wa kwanza alikunywa maji yale yale miaka kadhaa na meno yake yakabaki meupe. "Mtazameni huyu," nilikuwa nasema. Kwa ushahidi huo nikaingia kwenye kamati ya wazazi ya shule ya awali ya jirani. Shule ilikuwa inawanunulia watoto maji ya madumu. Nikasimama kikaoni, nikaeleza habari za mito na mifereji, nikaonyesha chupa yangu ya stili, nikawaambia fedha za madumu zitatosha kununulia kila mtoto chupa ya kudumu, na maji yatachemshwa jikoni pale pale shuleni. Wakanipigia makofi. Mzazi mmoja aliponyoosha kidole na kuuliza habari ya meno, nikamjibu kwamba yakichemshwa yanakuwa salama kabisa. Nilisema "kabisa". Neno hilo nalikumbuka kuliko yote niliyosema siku ile.

Sasa nieleze kilichomo kwenye maji hayo, kama nilivyokuja kuelezwa nikiwa nimechelewa. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake na majivu yake yana madini ya floridi. Maji yakipita humo ardhini huyayeyusha na kuyabeba. Ndiyo maana maziwa ya Momella yana floridi nyingi mno, na ndiyo maana chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana kabisa, kutegemea kila moja imepitia wapi. Mama mkwe hakuwa anafuata mila. Watu wa hapa wamezijua chemchemi zao kwa kuangalia vinywa vya watoto wanaozinywa, kizazi baada ya kizazi. Maji yenye floridi hayana harufu wala rangi ya kutisha, na mengi ya huku ni maji laini, sabuni inatoa povu upesi na chai inakolea vizuri. Ukiyaonja utayasifu.

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, kwa kuwa vijiji vingi vingebaki bila maji yanayokubalika. Kiasi kidogo hulinda meno, ndiyo maana kimo kwenye dawa za mswaki. Kikizidi, huharibu gamba la jino wakati jino lenyewe lingali linaundwa ndani ya fizi. Kikizidi sana kwa muda mrefu hufika kwenye mifupa, na huku kwetu wapo watu wenye miguu iliyopinda kwa sababu hiyo.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo ni kuzuri. Floridi haiuawi, wala haipandi na mvuke. Chukua sufuria ya lita 4 yenye miligramu 3 kwa kila lita, ichemke mpaka zibaki lita 3: floridi yote imebaki humo, na sasa kila lita ina miligramu 4. Kila mpishi anajua mchuzi ukiachwa jikoni chumvi hukolea. Mimi nilikuwa naacha maji yatokote muda mrefu, niwe na uhakika. Na makande yetu nikiyatia magadi yalainike, sikujua kwamba magadi nayo yana floridi yake.

Kuhusu ushahidi wangu: meno ya mbele ya ukubwani huundwa ndani ya fizi tangu mtoto anapozaliwa hadi karibu miaka mitano. Mwanangu wa kwanza umri huo aliumaliza Tanga. Alipofika Meru gamba la meno yake lilikwisha kukamilika, hata angekunywa ziwa Momella lote lisingempata doa. Wa pili alinyonya, na maziwa ya mama hupitisha floridi kidogo sana hata mama mwenyewe akinywa maji mabaya. Akaachishwa ziwa, akaanza uji wa maji yangu ya kuchemsha, katika miaka ile ile ambayo hakupaswa kuyaonja. Madumu niliyoyafukuza ndiyo yaliyokuwa yanamlinda.

Meno ya utotoni hayakuonyesha kitu cha kunishtua. Yale ya mbele ya ukubwani yalipoota, akiwa darasa la kwanza, yalitoka na mistari meupe kama ya chokaa, kisha mistari ikaanza kuwa kahawia. Daktari wa meno aliuliza swali moja: alipokuwa mdogo alikunywa maji gani? Nikamjibu kwa fahari kwamba ni ya kuchemsha. Akaacha alichokuwa anakifanya, akavuta kiti, akaketi. Maelezo niliyoandika hapo juu mengi ni yake.

Nilipeleka maji ya bomba letu kupimwa. Yalikuwa zaidi ya mara mbili ya ukomo wa Shirika la Afya Duniani.

Hapa nafika kwenye sehemu ninayoionea haya kuliko zote. Baada ya kujua, nyumbani nilibadilisha maji siku hiyo hiyo. Shuleni sikusema. Nilinyamaza muhula mzima, watoto wa watu wa miaka mitatu na minne wakiendelea kunywa kwenye chupa za stili nilizozipigia debe. Nilijiambia natafuta namna nzuri ya kulieleza, nikajiambia nisubiri kikao. Kweli ni kwamba niliogopa sura za watu walionipigia makofi. Kwa kutojua naweza kukuomba radhi nikiwa nimekutazama usoni. Ule muhula siwezi.

Nilipolisema kikaoni hakuna aliyefoka. Baba mmoja aliuliza, "Mama, si wewe uliyetukataza maji ya kununua?" Nikasema ni mimi. Wengine walinishukuru kwa kusema, na yule mzazi wa swali la meno hajanisalimia mpaka leo. Ana haki. Mama mkwe nilimwendea nyumbani kwake nikapiga magoti. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili, kisha akaniuliza kama nimeshapata chai.

Sijarudi kwenye chupa za plastiki za kunywa na kutupa, na sidhani kosa langu linazitakasa. Mfereji bado unaziba. Nilichojifunza ni kwamba chupa ya stili ni chombo tu, na mimi nilikuwa nimeshughulikia chombo nikasahau kinachotiwa ndani. Nyumbani tumeweka mifereji ya bati na tangi, kwa kuwa maji ya mvua hayajapita mwambani na floridi yake ni kama hakuna. Hayo tunayachemsha, maana paa lina ndege. Kiangazi tunatumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huunguzwa kwa hewa haba mpaka iwe mkaa, kisha maji yakipita floridi hunasa humo. Kazi hiyo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi na kituo cha serikali cha Ngurdoto, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwangu. Nilikuwa napita kwenye barabara yake nikienda kuhubiri.

Tengeru nako, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na nanoteknolojia linaloweza kuandaliwa kuondoa uchafu wa mahali husika, floridi ikiwamo, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya uhandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Basi dawa ilikuwapo kabla ya kosa langu. Tahadhari moja kwa mwenye chujio la mkaa wa mifupa: mkaa hujaa. Ukijaa, maji yanapita kama yalivyoingia na ladha haibadiliki, kwa hiyo lazima ubadilishwe na maji yapimwe tena. Mtungi haupunguzi floridi, na vichujio vya kauri vya kawaida havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Shule nayo sasa ina tangi la mvua, na mvua zikikatika inarudi kwenye madumu ya lita 18.9, ambayo nayo hurudishwa na kujazwa upya. Chupa za stili zimebaki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayeishi Meru, Arusha, Singida, Nakuru au kokote kwenye Bonde la Ufa, na una mtoto mdogo: kabla hujaacha maji ya dukani kwa ajili ya mazingira, chukua chupa safi, ijaze maji ya bomba lako, uipeleke maabara ya maji ya mkoa. Taja floridi kwa jina unapoomba kipimo, kwa sababu kipimo cha vijidudu peke yake hakitaionyesha. Na kama wewe ni mmoja wa waliokuwa kikaoni siku ile na mtoto wako hajatimiza miaka mitano, njoo kwangu, maji yako nitakulipia kipimo mimi.