Damu ya mtoto iko aje?

Niko na mimba ya miezi minne, na kila siku DM mnaniuliza kama ni boi ama gelo. Sawa, lakini swali linalonikosesha usingizi ni lingine.

Baba mtoto ni wa Gatwekera, Kibera, na kwao ni Siaya. Mdogo wake ako na seli mundu. Nimemwona Julai, ile baridi, akilia mifupa usiku mzima huku mathe akiwasha jiko kumpasha joto. So nilipopimwa hapa Kawangware nikaambiwa niko AS, niliogopa. Wiki iliyofuata baba mtoto naye akapimwa. AS.

Hesabu ni hivi (niliacha chuo lakini hii naijua): AS si mgonjwa, amebeba tu jeni moja. Wawili wa AS wakipata mimba, kuna asilimia 25 mtoto awe SS, yaani mgonjwa. Na ni kila mimba, usidhani watatu wakitoka sawa ndio wa nne anaumwa. Watu wa Nyanza na Western wanaibeba sana kwa sababu jeni moja hukinga mtoto na malaria kali.

Mathe aliniambia, "Mwanangu, unatafuta nini? Mungu amekupa, pokea." Namheshimu. Lakini ni yeye huyo aliyezungushwa miaka na dawa za malaria kabla ya kuambiwa kijana wake anaumwa nini. Kutojua hakukumpunguzia kitu.

Kuna kipimo cha kujua saa hii: sindano ya tumboni, wanachota maji ya mtoto, kuanzia wiki ya 15. Ina hatari ndogo ya mimba kutoka, na bei yake si ya mtu wa mtaa. Halafu nikijua? Katiba ya 2010, Kifungu cha 26, inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, na kutoa mimba ni kama kuna dharura, maisha ama afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine imeruhusu. Na hata bila Katiba, huyu mtoto namtaka. Beshte yangu anasema naogopa sindano tu. Pengine pia.

Hiyo tumekataa. Akizaliwa atadungwa kisigino mapema, kwa sababu dalili huwa hazitokei miezi ya kwanza, na akiwa SS penisilini inafaa ianze akiwa na miezi miwili, mitatu hivi.

Mathe amesema siku hiyo atakuja mwenyewe kuhakikisha wamepima.