Nyumba za Magurudumu za Swabia ya Juu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu Mtukufu anawakumbusha waja wake neema mbili za makazi. Ya kwanza ni nyumba ya kutulia, ambamo mtu hupumzika na watu wake. Ya pili ni nyumba nyepesi ya ngozi, ambayo msafiri huichukua siku ya kuondoka na kuisimamisha siku ya kutua. Neema hii ya pili, ndugu msomaji, wengi wetu huidhania kuwa ni habari ya mabedui wa kale. Lakini kusini mwa Ujerumani iko nchi ya malisho na vilima iitwayo Swabia ya Juu, ambako nyumba ya safari imetiwa magurudumu, na ambako watu hutumia miaka ya maisha yao kuzihuisha zile zilizochakaa. Juma hili tunaelekea huko.

Tuanzie Isny, mji mdogo wa Allgäu, karibu na mpaka wa Austria. Hapo familia ya Dethleffs ilikuwa na kiwanda cha mijeledi na fimbo za kutelezea thelujini. Kijana wao Arist ndiye aliyezunguka kutafuta wateja, na safari zake zilikuwa ndefu. Fridel Edelmann, binti aliyeolewa naye, alikuwa mchoraji, wala hakuridhia kuachwa nyuma. Alitamani kitu mfano wa kigari cha watu wa kuhamahama, ambamo wangesafiri pamoja, naye akapata pa kuchorea. Mwaka 1931 Arist akaunda karavani ya kuvutwa na motokaa, akaiita Wohnauto, yaani gari la kuishi. Wajerumani huihesabu kuwa karavani ya kwanza ya nchi yao. Watu walioiona wakataka za kwao, na kiwanda cha mijeledi kikageuka kiwanda cha nyumba za safari. Asili ya chombo hiki, basi, ni mume na mke waliokataa kutenganishwa na riziki.

Kutoka Isny hadi Bad Waldsee ni mwendo usiotimia saa moja. Huko, mkabala na kiwanda cha Hymer, kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2011 na kupewa jina la Erwin Hymer, mhandisi aliyekulia katika karakana ya baba yake mjini hapo. Mwaka 1957 Hymer alishirikiana na Erich Bachem, mhandisi wa ndege, kuunda karavani nyepesi. Jina Eriba, linaloonekana hadi leo kwenye karavani hizo, limetokana na herufi za mwanzo za jina la Bachem. Mwaka 1961 Hymer akajaribu gari-nyumba lenye injini yake lenyewe, juu ya gari la kampuni ya Borgward. Lakini Borgward ikafilisika mwaka huohuo, na jaribio likasimama. Ilipofika 1971, akatoa Hymermobil, na hilo ndilo lililodumu.

Katika historia hiyohiyo limo gari ambalo wazee wetu wa Pwani wanalijua vyema: Volkswagen Kombi. Hapa kwetu lilibeba abiria na watalii. Kule Ujerumani kampuni ya Westfalia ilianza mwaka 1951 kulitilia kabati, meza na viti vinavyokunjuliwa vikawa kitanda, na familia zikavuka nalo milima ya Alps kwenda kuliona jua la Italia.

Sasa tuwatazame wanaoyahuisha magari haya. Adui wao mkubwa ni maji. Kuta za karavani nyingi za zamani ni bati jembamba lililopigiliwa juu ya fremu ya mbao. Mpira wa dirisha ukikauka, au kiungo cha paa kikifunguka upana wa unywele, maji ya mvua huingia polepole na kuoza mbao zilizofichika, hali nje rangi bado inang'aa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara haanzi kutazama injini. Hugonga ukuta kwa kidole akisikiliza sauti, hubonyeza pembe za sakafu, na hunusa ndani ya makabati. Ukuta mzima hujibu kwa sauti kavu, uliooza hunyamaza.

Fundi wa jahazi wa Lamu angewaelewa watu hawa bila mkalimani. Naye kazi yake ni kupambana na maji, ila yake hutoka chini. Hutia kalafati kwenye maungio ya mbao, hupaka deheni, na ubao uliooza huutoa na kutia mpya wenye umbo lilelile. Mafundi wa Swabia hufanya vivyo hivyo: hubandua bati, hutumia ule ubao mbovu kuwa kipimo cha kuchongea mpya, kisha huziba viungo upya. Ndani ya nyumba, kazi ya mshoni ina uzito uleule. Mapazia na foronya za mito hushonwa kwa vitambaa vinavyolingana na vya zamani, na mwenye jicho pevu hutambua mara moja palipokosewa.

Sheria ya Ujerumani nayo imeipa kazi hii heshima. Tangu mwaka 1997, gari lililotimiza miaka 30, likawa limetunzwa vizuri na kubaki karibu na hali yake ya asili, laweza kupewa kibao chenye herufi H, yaani gari la historia. Mwenye gari kubwa la aina hii hulipa kodi ya mwaka isiyobadilika, yuro 191.73, kwa kuwa chombo hicho kinahesabiwa kuwa sehemu ya urithi wa taifa.

Hata hivyo, mapenzi ya vitu vya kale yana mtego wake. Wapo wanaokusanya gari baada ya gari, wakayafungia ghalani na kuridhika na hesabu. Wazoefu wa kazi hii hawasiti kusema kwamba gari-nyumba lililofungiwa huharibika upesi kuliko linalotembea. Tairi hupasuka kwa umri hata kama halikugusa barabara. Mafuta huchacha ndani ya tangi. Panya hutafuna nyaya, na unyevu usiopata upepo huota ukungu. Mipira ya gesi nayo huzeeka kimyakimya, na ndiyo sababu mfumo wote hukaguliwa na mtaalamu kabla jiko halijawashwa. Linaloishi ni lile linalofunguliwa madirisha, likapikiwa ndani, likalaliwa na watoto.

Kwa familia ya Kiislamu, faida ya nyumba ya namna hii haihitaji maelezo mengi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa safari ni sehemu ya adhabu, kwani humkatizia mtu chakula na usingizi wake, na kwamba aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa ahali zake. Anayesafiri pamoja na ahali zake ndani ya nyumba yake amepunguziwa sehemu ya mzigo huo. Mama hupata stara ya kubadili nguo na kunyonyesha. Maji ya udhu yapo, mahali pa kuswali papo, na chungu cha halali ki jikoni. Bali israfu ni israfu hata ikipewa jina la urithi: mali inayomwagwa katika gari la kumi lisilopandwa na mtu ina masikini wanaoihitaji zaidi.

Na hapa, dada zangu na mama zangu, habari ya Swabia inatugusa nyumbani. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nasi tulifurahi. Lakini mitaani, Lamu na Mombasa, zipo nyumba za mawe zenye milango ya nakshi zilizofungwa kwa miaka kwa sababu warithi wametawanyika, au hawajakubaliana. Chokaa inaporomoka, boriti zinalowa, na mchwa hawangojei mirathi igawanywe. Kibao cha urithi ukutani hakizibi paa.

Ikiwa ukoo wenu una nyumba ya namna hiyo, chukueni funguo kabla ya masika. Fungueni madirisha siku nzima, mpandeni darini kutazama panapovuja, mgonge boriti na kusikiliza. Kisha waiteni warithi wote waketi ndani ya nyumba yenyewe, si kwenye simu, wazungumze habari ya haki ya kila mmoja. Na akipatikana kijana mwenye mke na wasio na pa kukaa, wapeni chumba kimoja waanze kupika humo.