Jani Lililobaki Kahawia

Miaka mitatu iliyopita mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi iliyo jirani na usharika wetu, huku milimani Usambara, alihamishwa katikati ya mwaka. Mwalimu Mkuu alikuwa amesikia kwamba kabla ya kwenda Makumira kusoma theolojia nilisoma mchepuo wa Kemia, Biolojia na Jiografia. Akaja ofisini kuniomba nishike darasa la sita mpaka shule itakapofungwa. Nilikubali upesi. Nilidhani mtu anayehubiri kila Jumapili hawezi kushindwa na vipindi vichache vya watoto.

Darasa lilikuwa na watoto 52. Waliniita "Mwalimu Mchungaji", na kila nilipoingia walisimama wakaimba shikamoo kwa sauti moja kama kwaya.

Mwezi wa Novemba, zikiwa zimebaki wiki tatu kufunga shule, tulikuwa kwenye mada ya usanisinuru. Niliamua watoto waone kwa macho yao, maana kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto sita. Tulikuwa tumeotesha maharage kwenye makopo. Tukachagua jani moja na kufunika sehemu yake kwa karatasi nyeusi ili isipate mwanga. Kesho yake tulilichuma, tukalichemsha kwenye maji, kisha tukaondoa moto na kuliweka ndani ya chupa ya spiriti iliyosimama kwenye maji yale ya moto, maana spiriti haiwekwi karibu na moto. Rangi ya kijani ikatoka. Tukalisuuza, tukadondoshea iodini niliyonunua duka la dawa. Kwa mujibu wa kitabu, sehemu iliyopata mwanga ina wanga, kwa hiyo hugeuka bluu-nyeusi. Sehemu iliyofunikwa hubaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe.

Jani letu lilibaki kahawia lote.

Watoto walinitazama. Kengele ilikuwa inakaribia kulia. Mmoja akauliza, "Mwalimu, tuandike ya kitabuni?" Nikasema ndiyo, andikeni bluu-nyeusi, hili limekosea tu. Wakaandika, nikafuta ubao.

Mtihani wa kumaliza mwaka niliutunga mwenyewe. Swali moja lilisema: katika jaribio tulilofanya darasani, sehemu ya jani iliyopata mwanga ilikuwa na rangi gani baada ya kutiwa iodini? Watoto 51 waliandika bluu-nyeusi. Binti mmoja, mtulivu, anayekaa dawati la nyuma karibu na dirisha, aliandika kahawia. Nilimkosesha, nikaendelea na karatasi iliyofuata. Nilikuwa na ibada ya mazishi mchana ule na nilitaka kumaliza kusahihisha.

Siku moja kabla ya kufunga shule tuliwarudishia karatasi zao. Wengine walikuwa wanadeki madarasa na kurudisha vitabu stoo. Yule binti alinifuata pale kwenye mti wa kengele, ameshika karatasi kwa mikono miwili. "Shikamoo Mchungaji. Samahani. Siku ile tuliona kahawia."

Hakusema zaidi. Nilimwambia nitaangalia, jibu ambalo sisi watu wazima hulitoa tukitaka mtoto aondoke.

Usiku nililisoma swali upya. Niliuliza walichokiona, naye alijibu alichokiona. Ndipo nikakumbuka pia nilichosoma zamani na kukisahau: usiku mmea huutumia na kuusafirisha wanga uliojiwekea mchana. Sisi tulilichuma jani saa moja na nusu asubuhi, ukungu umefunika mlima, jua halijatoka. Hapakuwa na wanga wa kuonekana. Jani halikukosea hata kidogo.

Nikashindwa kulala, na si kwa sababu ya jani.

Mwezi wa Mei mwaka uleule nilikuwa nimemzika kijana wa mama mmoja wa usharika wetu. Agosti mama yule alikuja ofisini akaniambia, "Mchungaji, naomba kila siku, lakini sioni kitu. Ni kama naongea na ukuta." Nilimjibu papo hapo kwamba Mkristo hasemi hivyo, nikamfungulia mistari mitatu, nikaomba, nikamsindikiza mlangoni. Jumapili iliyofuata nilimuuliza hali. Akasema, "Namshukuru Mungu, Mchungaji." Nikaridhika. Alikuwa ameniandikia bluu-nyeusi.

Chuoni tulifundishwa hoja alizozitoa Luther kule Heidelberg mwaka 1518, kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake halisi. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Tena nilijua kuwa Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la shukrani, na kwamba kanisa halikuiondoa kwenye Biblia. Vyote hivyo nilivijua mama yule akiwa ameketi mbele yangu.

Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Ripoti zilikuwa zimeshapigwa muhuri. Alinisikiliza, akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake zuri: "Ukimpa huyu alama, hao 51 utawanyang'anya?" Sikuweza. Waliandika nilichowaambia mimi. Kisha akaongeza, na alikuwa na haki, kwamba mwakani mtihani wa taifa hautauliza habari za ukungu wetu. Mwishowe alikata kwa kalamu, akaandika nafasi mpya, akapiga muhuri pembeni.

Niliingia darasani nikawaambia watoto kwamba nilikosea mara mbili, kwenye jaribio na kwenye kusahihisha. Walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana hawakuwa wamezoea. Yule binti aliinamia dawati. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, kwa hiyo saa sita tulichuma jani jingine kutoka kopo lilelile, likageuka bluu-nyeusi mbele ya wazazi waliokuja kuchukua ripoti. Nilimwona anaandika kwenye daftari lake rangi zote mbili, na saa kando ya kila moja.

Jioni nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nilimwambia kwamba mwezi wa Agosti sikumsikiliza, na kama angependa kuniambia tena, nimekuja kusikia. Alinitazama muda mrefu. Akaenda kuleta kigoda cha pili, akasema, "Kaa basi, Mchungaji. Bado sioni kitu." Akaanza kusimulia tangu siku ya kwanza kijana wake alipougua.