Foleni ya Kilambo

Katika chuo fulani cha Mtwara mjini, mwalimu wa kompyuta aliandika ubaoni maana ya klasi na maana ya objekti. Tukanakili, tukakariri, tukafaulu. Kompyuta moja tuliigombea watu wanne. Simlaumu mwalimu, naye ndivyo alivyofundishwa. Ila kichwani mwangu klasi ilibaki kuwa chumba chenye madawati.

Leo nasoma Chuo Kikuu cha Oslo, kwenye jengo lenye jina la Ole-Johan Dahl. Yeye na Kristen Nygaard walibuni hapa Oslo lugha ya Simula 67, na mtindo wa kuandika programu kwa klasi na objekti ukaanzia hapo. Lugha ya Java ni mjukuu wake. Huku tulianza na mfano uliowafungua macho wazee hao wawili: daraja, kibanda cha ushuru, na foleni ya malori na mabasi.

Nilicheka peke yangu. Hiyo si Kilambo hiyo?

Mtu wa Madimba, huko Mtwara, haelezwi. Ulikuwa unafika Kilambo, ukingoni mwa mto Ruvuma, unakuta magari yanasubiri maji yajae ndipo kivuko kiende upande wa Msumbiji. Kila gari lina namba, lina dereva, lina nafasi yake kwenye foleni. Hayo yote unayaandika mara moja tu, kwenye klasi ya gari. Lori linayarithi, kisha linaongeza mzigo wake. Basi linayarithi, linaongeza abiria. Lori lile pale lenye turubai la bluu, lililopasuka taa, ndilo objekti. Mkata tiketi hapandi juu kufunua turubai: anauliza uzito, anajibiwa, basi. Na akipiga kelele "Pandeni!", neno ni moja ila kila gari linalitii kwa namna yake. Basi linashusha abiria kwanza, pikipiki inasukumwa.

Yale majina marefu ya Kiingereza niliyokariri Mtwara kwa mambo haya hayana zaidi ya hapo. Wala sisemi kukariri kulikuwa bure. Majina nilikuwa nayo tayari, nilikosa cha kuyavalisha.

Kitu kingine: lori linaporithi sifa za gari, Wanorwe husema "arv", neno lilelile la kurithi nyumba ya bibi. Hakuna anayelitetemekea. Sisi tuna "urithi", lakini darasani tuliliona la kishamba. (Ingawa Mmakonde angekuwa na hoja nzuri: kwetu ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Java inataka mzazi mmoja tu, na wajomba haiwatambui.)

Ndugu zangu walimu wa kompyuta huko Mtwara, kabla ya kuandika neno lolote la Kiingereza ubaoni, choreni mto, choreni kivuko, pangeni magari. Halafu waulizeni wanafunzi: lori na basi yanafanana wapi?